Bosi Mmoja, Nchi Mbili: Kwa Nini The Office ya Uingereza na ya Marekani Hazifanani

Kila ubishi kuhusu The Office, komedi ya televisheni yenye toleo la Uingereza na la Marekani, huishia pale pale. Mmoja atasema ya Uingereza ndiyo yenyewe, ya Marekani imetiwa sukari hadi imepoteza ladha. Mwenzake atajibu kwamba ya Uingereza inatesa, mtu unaitazama huku umeziba uso kwa viganja, sehemu mbili tu zinatosha. Hapo atatokea wa tatu na kuufunga mjadala kwa maelezo ambayo kila mtu ameshayasikia: Waingereza hupenda kuwacheka walioshindwa, Wamarekani hupenda mambo yaishe vizuri, basi.

Maelezo hayo si ya uongo. Ricky Gervais, aliyeibuni The Office ya kwanza pamoja na Stephen Merchant, aliyatoa mwenyewe mwaka 2011 katika jarida la Time: Mmarekani hulelewa akiamini anaweza kuwa rais, Mwingereza huambiwa mapema kwamba bahati hiyo haitamfikia. Hata hivyo, hulka za mataifa hazitoshi kueleza tunachokiona kwenye skrini. Kilichomtenganisha David Brent, bosi wa toleo la Uingereza katika mji wa Slough, na Michael Scott, bosi wa toleo la Marekani katika mji wa Scranton, kwa maoni yangu, ni kitu cha kawaida kabisa na kinachohesabika, nacho ni saa ambazo mtazamaji anatakiwa kukaa na kila mmoja wao. Hulka inakuja baadaye.

Toleo la Uingereza lilianza kurushwa na BBC Two Julai 9, 2001. Lilikuwa na misimu miwili ya sehemu sita sita, zikafuata sehemu mbili za Krismasi mwaka 2003, hadithi ikaisha. Jumla ni sehemu 14, ambazo unaweza kuzimaliza Jumamosi moja. Toleo la Marekani lilianza katika kituo cha NBC Machi 24, 2005 na kufikia tamati Mei 16, 2013. Misimu tisa, sehemu 201, zaidi ya saa 70.

Kwa ambaye hajatazama lolote kati ya hayo mawili: ni tawi la kampuni ya kuuza karatasi, biashara ambayo kompyuta inaimaliza taratibu. Kuna wapiga picha wanaorekodi maisha ya kawaida ya kazini, na meneja wa tawi amepagawa na kamera. Anajiona mchekeshaji, rafiki wa kila mfanyakazi, bosi bora duniani. Chini yake yupo kijana mwerevu wa mauzo aliyechoshwa na kazi, dada wa mapokezi ambaye kijana huyo anampenda ingawa tayari ana mchumba, na mfanyakazi mwingine anayelinda kwa bidii sheria na vyeo ambavyo hakuna aliyempa. Uingereza hao ni Brent, Tim, Dawn na Gareth, wa kampuni ya Wernham Hogg. Marekani ni Michael, Jim, Pam na Dwight, wa Dunder Mifflin. Hakuna sauti za watazamaji wanaocheka kwa nyuma. Kinachosikika ni simu, mashine ya fotokopi, na ukimya mtu anaposema jambo ambalo hakupaswa kulisema.

Skripti moja, vicheko viwili

Sehemu ya kwanza ya Marekani ni zawadi kwa anayependa kulinganisha. Greg Daniels, aliyekabidhiwa kazi ya kuihamisha hadithi, aliichukua skripti ya Gervais na Merchant karibu neno kwa neno. Stepla imezamishwa ndani ya jeli kotekote. Kotekote kuna uvumi kwamba tawi litafungwa na watu watapunguzwa kazini. Na kotekote kilele ni utani ule ule mbaya: meneja anataka kumwonyesha kibarua mgeni jinsi alivyo mcheshi, anamwita dada wa mapokezi, anamwambia amefukuzwa kazi kwa wizi wa vikaratasi vya kunata. Dada analia. Meneja anatangaza kwamba ulikuwa mchezo.

Zitazame dakika hizo mbili mbili, moja baada ya nyingine. Dawn akishafuta machozi anamtolea Brent tusi ambalo NBC isingelirusha saa ile, na kumwambia ni mtu wa kusikitisha. Pam anamwita Michael kwa neno jepesi zaidi. Lakini tofauti inayouma haimo kwenye tusi. Brent anaachwa na ukimya. Kamera haimwokoi, hakuna anayeingia, hakuna mlango unaogongwa, naye anatafuta pa kuweka macho. Sehemu ya BBC Two ilikuwa na karibu dakika 30 zisizo na tangazo hata moja, kwa hiyo ukimya ulikuwa na nafasi. Sehemu ya NBC ni dakika kama 22, zilizobaki ni za matangazo ya biashara, na kila sekunde inapaswa kubeba kitu. Aibu inahitaji muda ili iive, na Wamarekani hawakuwa nao. Ndiyo maana sehemu hiyo ya kwanza inaonekana kama mtu aliyevaa koti la kaka yake.

Zaidi ya watu milioni 11 waliitazama. Sehemu iliyofuata ikahamishiwa siku nyingine ya wiki, na karibu nusu ya watazamaji hawakuifuata.

Ajabu ni kwamba hiyo iliyokimbiwa, inayoitwa "Diversity Day", ndiyo ya kwanza yenye pumzi yake yenyewe. Iliandikwa na B.J. Novak, ambaye pia anaigiza yule kibarua. Michael amerudia ofisini vichekesho vya mchekeshaji Mweusi kuhusu rangi, makao makuu wanaleta mkufunzi wa kufundisha watu kuheshimiana, naye Michael anaamua kuendesha mafunzo yake mwenyewe: kila mfanyakazi anabandikwa kwenye paji la uso kadi yenye jina la kabila au taifa ambalo yeye mwenyewe halioni, na wenzake wamtendee kulingana na kadi hiyo. Mambo yanaharibika kwa kasi ya kutisha. Hapakuwa na skripti ya Slough ya kunakili hapa. Hii ni Marekani inayojitazama kwenye kidonda chake, kwa njia ya mtu asiyejua kwamba ndicho anachokigusa.

Nani analipa, nani anaandika

Hapa inabidi tuingie jikoni, maana ndiko Brent na Michael walikopikwa.

BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni inayolipwa na kaya zenye televisheni. Haiuzi muda wa matangazo ndani ya vipindi vyake vya Uingereza, hivyo komedi ya sehemu sita kwa mwaka haimpi mtu yeyote hasara. Utamaduni wake kwa muda mrefu umekuwa kumwachia mwandishi mmoja au wawili kazi yote. Gervais na Merchant waliandika na kuongoza kila sehemu, na Gervais akaigiza bosi. Walipoona hadithi imefika mwisho, waliacha. Mwezi Januari 2004 ikashinda tuzo ya Golden Globe ya komedi bora ya televisheni, na Gervais akapewa ya mwigizaji bora, lakini hata ushindi huo haukuwafanya warudi kutengeneza msimu wa tatu.

Mtandao wa televisheni wa Marekani kama NBC huishi kwa matangazo. Unahitaji sehemu ishirini na kitu kila mwaka ili kujaza ratiba, na faida nono hasa huja baadaye, pale kipindi kinapofikisha sehemu kama 100 na kuuzwa kwa vituo vingine kirudiwe kila siku. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kila mtu ana sababu ya kutaka kipindi kisife. Mtu mmoja hawezi kuandika sehemu 25 kwa mwaka, basi kuna chumba cha waandishi: watu kumi au zaidi wamezunguka meza, wanarushiana mawazo, mkuu wao anaamua. Kwenye The Office baadhi ya waandishi hao walikuwa pia waigizaji, kama Novak, Mindy Kaling anayeigiza Kelly, na Paul Lieberstein anayeigiza Toby, ofisa rasilimali watu ambaye Michael anamchukia bila sababu.

Sasa fikiria tatizo lililokuwa juu ya meza hiyo mwaka 2005. Brent ni mtu wa kuumiza. Mwongo, mwenye wivu, anayetaka kupendwa kiasi kwamba hasikii anachoambiwa. Kwa sehemu 14 mtazamaji anavumilia, tena anafurahia, kwa kuwa anajua anguko linakuja. Kwa sehemu 200 asingevumilia. Waswahili walishalisema hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Brent aliondoka kabla ya siku ya tatu. Michael alikuwa anakuja kukaa miaka, na ilibidi apewe jembe.

Alipewa katika msimu wa pili. Agosti 2005 filamu ya The 40-Year-Old Virgin ilimfanya Steve Carell, anayeigiza Michael, kuwa nyota, na ilionyesha kwamba watu wako tayari kumpenda mwanamume asiyejua kuishi na watu ilimradi waone moyo wake. Daniels na waandishi walimbadilisha Michael hata kichwani: nywele zilizolazwa kwa mafuta za msimu wa kwanza zikatoweka. Kisha wakambadilisha ndani.

Sehemu ya kwanza ya msimu huo, "The Dundies", aliyoiandika Kaling, inaonyesha waziwazi walivyofanya. Michael anaandaa tuzo zake za kila mwaka katika mgahawa wa Chili's. Wafanyakazi wanazichukia. Anaimba, anasema utani usiochekesha, ni Brent mtupu. Kisha wateja wa meza nyingine, watu asiowafahamu, wanaanza kumzomea na kumrushia vitu. Michael ananywea, anataka kufunga shughuli. Hapo Pam na Jim wanaanza kumpigia makofi, ofisi nzima inafuata, wanamtaka aendelee. Aibu yake ilikuwa mali yao. Mgeni hana haki ya kuigusa. Kuanzia usiku huo yeye ni mtu wa nyumbani. Slough hapakuwahi kutokea kitu kama hiki wakati Brent akiwa meneja.

Sehemu chache baadaye, katika "The Client", tunajibiwa swali ambalo toleo la Uingereza halikuona haja ya kulijibu: mtu huyu alipataje umeneja? Michael na bosi wake Jan wanakutana na mteja mkubwa, ofisa wa serikali ya wilaya. Jan anataka waende kwenye biashara moja kwa moja. Michael anasimulia vichekesho, anaagiza chakula, anaimba, saa zinakwenda, Jan anakaribia kuchanganyikiwa. Mwisho mteja anatoa mkataba, na Jan anagundua kwamba huyu mpumbavu anajua kuuza kuliko yeyote. Si utu wake tu uliobadilishwa. Walimpa kipaji, na mtu mwenye kipaji unaweza kumsamehe mengi.

Mwanamume ndani ya vazi la mbuni

Sitaki ieleweke kwamba ya Uingereza ni toleo ambalo halijakomaa, eti Wamarekani ndio waliolikamilisha. Ufupi wake ndio unaoliruhusu kufanya mambo ambayo kipindi kirefu hakithubutu.

Msimu wa pili, siku ya kuchangisha fedha za hisani. Ofisi imejaa mavazi ya mizaha, na Brent amevaa vazi la mbuni, lile linaloonyesha kama mtu amempanda ndege. Mchana huo huo amecheza ile densi yake mbaya mbele ya wafanyakazi. Wakubwa wake wawili, Neil na Jennifer, wanaingia kumwambia kwamba anapunguzwa kazi. Yuko ndani ya mbuni. Katika sehemu inayofuata, ya mwisho wa msimu, anawasihi wasimwondoe, sauti inamkatika, mzaha wote umemtoka. Ni mara yake ya kwanza kusema kitu bila kutafuta kicheko. Huwezi kuandika tukio hilo kisha wiki ijayo ukamrudisha ofisini aendelee na vituko. Tukio hilo linagharimu kipindi chenyewe, na Gervais na Merchant walikuwa tayari kulipa.

Brent naye anapata heshima yake, ila inakuja dakika za mwisho kabisa za Krismasi ya 2003. Rafiki yake Finch, muuzaji mwenye mdomo mchafu ambaye Brent amemnyenyekea muda wote, anamdhihaki mwanamke aliyekuja na Brent kwenye sherehe. Brent anamwambia aondoke zake, kwa lugha kali. Basi. Sentensi moja inayobeba uzito wa misimu miwili, kwa sababu tulisubiri muda wote huo mtu huyu asimame wima.

Mapenzi ya kijana wa mauzo na dada wa mapokezi yanaonyesha jambo hilo hilo kwa upande mwingine. Tim, mwishoni mwa msimu wa pili, anakatiza mahojiano, anamchukua Dawn kwenye chumba chenye dirisha na kuzima kinasa sauti alichovaa. Tunawaona kupitia kioo, hatusikii kitu. Anakumbatiwa. Anarudi kwenye meza yake, anavaa tena kinasa sauti na kutuambia kwamba Dawn amekataa. Dawn anakuja kumchagua katika sehemu ya mwisho kabisa, akiwa kwenye teksi ya kuondoka, baada ya kufungua zawadi ya rangi za kuchorea aliyoachiwa na Tim. Wanabusiana, hadithi imeisha.

Jim anamwambia Pam kwamba anampenda mwishoni mwa msimu wa pili pia, katika "Casino Night" ya Mei 2006, iliyoandikwa na Carell. Maneno tunayasikia yote, pale kwenye maegesho ya magari. Pam anakataa. Baadaye usiku huo Jim anamfuata ndani na kumbusu. Pale ambapo Uingereza ingebakiza mwisho mmoja tu, Marekani ilikuwa na misimu saba mbele: uchumba, harusi ya Niagara mwaka 2009, watoto, na hata ndoa iliyotikisika msimu wa mwisho. Wapo wanaosema Jim na Pam walichosha baada ya kuoana. Mimi naona kinyume. Tim na Dawn ni hadithi ya kupendana, Jim na Pam ni hadithi ya kuishi pamoja, na hiyo ya pili ni nadra zaidi kwenye komedi kwa kuwa inahitaji miaka.

Na lile wazo la kinasa sauti kilichozimwa, Wamarekani walilitumia mahali pengine. Carell alipoondoka mwaka 2011, Michael anavua kinasa sauti uwanja wa ndege na kuondoka zake. Ghafla Pam anamkimbilia, wanakumbatiana na kuzungumza kwa mbali. Hatusikii. Mbinu ile ile iliyoficha kukataliwa kwa Tim sasa inaficha shukrani ya mfanyakazi kwa bosi aliyemfanya alie katika sehemu ya kwanza.

Miji nayo ina neno lake. Slough iko magharibi mwa London, mji wa maghala na ofisi, na John Betjeman aliutungia mwaka 1937 shairi la kuyaalika mabomu yauangukie. Brent analisoma shairi hilo kwenye kamera na kumkosoa mshairi. Tim anatimiza miaka 30 akiwa bado anaishi kwa wazazi wake, na kila anapopata nafasi ya kutoka, anarudi nyuma. Macho ya Martin Freeman, anayeigiza Tim, yakigeukia kamera yanaomba msaada. Macho ya John Krasinski, anayeigiza Jim, yakigeukia kamera hiyo hiyo yanakualika ucheke naye. Scranton, mji wa makaa ya mawe na reli uliokwishapita enzi zake, ungeweza kuonyeshwa kwa uchungu uleule, lakini kipindi kiliupenda, na mji ukakipenda hadi ukaandaa mkutano wa mashabiki mwaka 2007. Katika hili ndipo nawapa haki yao wale wanaosema habari za hulka za mataifa. Ofisi ya Slough ni mahali pa kukwama. Ofisi ya Scranton, sehemu 201 baadaye, ni familia.

Alf, Archie na wengine waliovuka bahari

Kama ni The Office peke yake, mtu angesema imetokea tu. Lakini rudi nyuma. BBC ilikuwa na Till Death Us Do Part tangu miaka ya 1960, iliyoandikwa na Johnny Speight: Alf Garnett wa mashariki mwa London, mzee mbaguzi anayebwata dhidi ya kila mtu asiyefanana naye. Speight alimwandika bila kumwachia pa kupendwa, ingawa, kwa masikitiko, wapo watazamaji waliompenda kwa sababu walikubaliana naye. Mtayarishaji wa Marekani Norman Lear alinunua haki, kituo cha ABC kikakataa majaribio mawili, kituo cha CBS kikaipokea, na Januari 12, 1971 Archie Bunker wa Queens, New York, akaingia sebuleni mwa Wamarekani kupitia All in the Family. Naye ni mbaguzi na mdomo wake haukomi. Lakini ana sehemu zaidi ya 200, ana Carroll O'Connor anayemwigiza kwa huruma, na taratibu tunaona hofu iliyo chini ya makelele. Kipindi kiliongoza kwa idadi ya watazamaji Marekani misimu mitano mfululizo, na kiti cha Archie kiko katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Alf na Archie wamepishana kama Brent na Michael walivyopishana, miaka 30 kabla yao.

Ambao walinakili bila kubadilisha walizama. NBC ilileta Coupling, komedi nyingine ya BBC, mwaka 2003 ikitarajia irithi nafasi ya komedi yake Friends iliyokuwa inaelekea ukingoni. Ilitumia skripti za Steven Moffat zile zile za BBC, zikabanwa ziingie kwenye dakika 22, na zilirushwa sehemu nne tu kabla ya kufutwa. Fawlty Towers, komedi ya BBC kuhusu mwenye hoteli Basil Fawlty, sehemu 12 tu za miaka ya 1975 na 1979, Wamarekani waliijaribu mara tatu, mara ya mwisho mwaka 1999, na haikushika. Sababu naiona ni ile ile: Basil Fawlty ni hasira iliyopigwa fundo, John Cleese na Connie Booth walizifuma hadithi zake kwa miezi, na huwezi kuizalisha hasira hiyo kila wiki bila kuipunguza makali.

Wasomaji wa Kenya waliokulia mbele ya Mind Your Language, lile darasa la Kiingereza la wageni jijini London, huenda hawajui kwamba nayo ilivushwa. Mwaka 1986 ikawa What a Country!, na darasa likageuka la wahamiaji wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Badiliko dogo, lakini lina akili: London wageni walichekesha kwa kukosea lugha, Los Angeles walikuwa njiani kuwa wananchi. Ilidumu msimu mmoja.

Mfano mpya unaonifurahisha zaidi ni Ghosts. BBC One, mwaka 2019: wanandoa wanarithi jumba la kale lililojaa mizimu ya watu waliofia hapo katika zama mbalimbali. CBS ikaichukua mwaka 2021, na waandishi wa Marekani walijua kwamba mizimu haihamishiki kama samani. Kila nchi ina wafu wake. Mtu wa mapangoni akampisha Mviking, akaongezwa mwanamume wa taifa la Lenape, wenyeji wa ardhi ile, na mwimbaji wa jazi wa miaka ya 1920. Mbunge wa chama cha Conservative aliyekufa bila suruali akawa kijana wa biashara ya fedha ya Wall Street, naye bila suruali, na hapo umesoma ukurasa mzima kuhusu nani anachekwa kwa uroho katika kila nchi. Toleo la Uingereza lilijifunga lenyewe mwaka 2023 baada ya misimu mitano na sehemu 34. La Marekani lilikuwa limeshaipita idadi hiyo kabla msimu wake wa pili haujaisha.

The Office imeendelea kusafiri: Ujerumani, Ufaransa, Israel, India, Saudi Arabia, na mwaka 2024 Australia, ambako bosi ni mwanamke. Kwa anayetaka kuanza na hizi mbili, ushauri wangu ni huu. Tazama ya Uingereza kwanza, yote 14 kwa mpangilio, bila kuruka hata ile siku ya mbuni. Kwa ya Marekani anzia "The Dundies", halafu endelea. Ukishafika msimu wa tatu au wa nne na ukamzoea Michael, rudi kwenye zile sehemu sita za mwanzo ulizoziacha. Utamwona Carell akiigiza mtu ambaye waandishi bado hawajaamua kumpenda.